Mwaka wa Sampo ya Kromu

Habari za kifo cha Mama Osmund zilinikuta Masasi, nikiwa nimelala chali chini ya lori la korosho, oili ikinidondokea kwenye kola. Aliyenipigia simu hakuwa mwanawe Osmund. Alikuwa dereva mmoja wa Mbinga aliyekuwa na namba yangu kwa sababu wiki chache kabla nilimtengenezea gia na kumtajia jina la mama huyo. Nilimaliza kukaza bolti zilizobaki, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, na asubuhi iliyofuata nikapanda basi la Tunduru. Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekaa Nkhata Bay ng'ambo ya ziwa, Malawi, nimekaa Tunduru wakati wa mawe ya vito, nimekaa Mtwara, na kote huko nimekuwa fundi, kwa sababu fundi akifika mahali watu humuuliza anachoweza kufanya, hawamuulizi ametokea nyumba ya nani. Lakini kila mahali nilipolala, kabla usingizi haujanichukua, nimekuwa nikiihesabu nyumba moja tu kuwa ndiyo kwetu, na nyumba hiyo haikuwa ya wazazi wangu. Ilikuwa ya mama huyu. Basi lilipotoka Songea na kusimama Kitai, abiria wakateremka kununua mahindi ya kuchoma. Mimi sikuteremka. Nilikaa nikitazama upande mwingine wa barabara, kwenye uwanja ule ambao zamani kulikuwa na gereji ya mabati mawili, na nikajiona ni mzee wa miaka arobaini na kitu ambaye bado anaogopa kiwanja kitupu.

Mwaka ninaousema ni ule ambao wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia Mbinga. Kabla ya hapo mkulima alijua chama cha ushirika tu; alipeleka kahawa yake, akasubiri, akanung'unika, akasubiri tena. Halafu ghafla zikaja kampuni zenye mabango ya rangi, vijana wenye mizani mipya, na maduka yakajaa vitu ambavyo zamani ulivisikia kwa mtu aliyetoka Dar es Salaam. Mimi na Osmund tulikuwa tumemaliza kidato cha nne pamoja Kigonsera. Baba yake alikuwa amefariki na kumwachia mama pikapu moja ya kijani, ngumu, yenye sauti kama ya mashine ya kusaga. Osmund aliendesha, mimi nilitengeneza, na mama ndiye mwenye gari. Nilipewa chumba kilichopakana na jiko, chumba chenye dirisha la ubao na harufu ya moshi iliyokwisha kuingia hadi kwenye godoro. Nilikipenda kuliko chumba chochote nilicholala baadaye. Asubuhi za Juni, ukungu ukiwa umefunika mashamba ya ngolo, yale ya mashimo ya mlimani, hadi huoni shimo wala tuta, nilikuwa nikimsikia mama kupitia ukuta akipuliza moto na kuzungumza na kuni. "Na wewe nawe," aliuambia mti mbichi, "umekuja kwangu kufanya nini kama hutaki kuwaka?" Halafu aligonga ukuta kwa mwiko. "Beno, amka. Uji unapoa, na mwenzako ameshakula wake anautazama wako."

Kazi yetu ya kawaida ilikuwa kushuka ziwani. Tulipeleka mahindi na maharage Ngumbo, tukarudi na usipa mkavu, dagaa wa ziwa, na barabara ile ya kushuka ilikuwa na mawe yaliyochongoka yanayogonga tumbo la gari. Siku moja jiwe lilitoboa sampo, lile bakuli la chuma lililo chini ya injini, linalobeba oili yote. Tuliziba kwa sabuni ya mche na kitambaa, tukapanda mlima polepole, tukiteremka kila baada ya kona kutazama kama inashika. Ilishika. Nikalitoa bakuli lile, nikalichomelea vizuri, nikalifunga tena. Lilikuwa jeusi, limebonyea, na halikuvuja hata tone. Kwangu mimi mambo yalikuwa yamekwisha.

Kwa Osmund ndiyo yalikuwa yanaanza. Dukani kwa Mzee Athumani, mtu wa Kilwa aliyekuja Mbinga na kuuza vipuri karibu na msikiti, kulikuwa kumefika sampo mpya kutoka Dubai. Haikuwa ya kiwanda kilichotengeneza gari letu. Ilikuwa ya kuiga, lakini imechovywa kromu nje na ndani, inang'aa kama trei ya arusi. Mzee Athumani aliitundika juu ya kaunta kwa kamba, na watu waliokuja kununua taa au plagi walichana nywele mbele yake. Osmund aliikodolea macho hadi mzee akamuuliza, "Kijana, unanunua au unanyoa ndevu?"

Osmund alikuwa na hoja. Kampuni moja ya kahawa ilitafuta magari ya kusomba mzigo msimu mzima hadi Songea, na ofisa wake alikuwa na desturi ya kutandika gunia chini, kulala chali na kutazama tumbo la gari kabla ya kusema neno. Gari lenye tumbo chafu la oili hakulitaka. "Atakapoingia chini," Osmund alisema, "nataka ajione meno." Mama alicheka mpaka akaketi. Alikubali. Tukipata kazi ile gari lingetulisha sote. Tukiikosa angeliuza, na mimi nisingekuwa na sababu ya kukaa katika chumba kile. Hakuna aliyelisema hilo, lakini wote watatu tulilijua.

Mzee Athumani alipotukabidhi sampo alinivuta mkono mimi, si Osmund. "Sikiliza, fundi. Huu ni mchovyo. Ni ngozi tu, chini yake bati la kawaida. Usiiguse kwa brashi ya waya, usiiguse kwa ndimu, usiiguse kwa maji ya betri. Kichwa cha bolti kisilalie kromu moja kwa moja, weka washa, pete ya mpira. Oshea maji ya uvuguvugu na sabuni ya mtoto, kausha kwa khanga kuukuu, kisha paka nta. Ngozi ikifunguka mahali pamoja, maji yanaingia chini, inabanduka yote kama ganda la kitunguu. Na ikibandukia ndani, hivyo vipande vinakwenda wapi?"

"Kwenye chujio la pampu ya oili. Likiziba, injini inakauka," nikasema.

"Basi usije ukanililia."

Nilikata washa kutoka kwenye mpira wa baiskeli. Nilitengeneza kinga ya kipande cha tairi, nikaining'iniza mbele ya sampo ili mawe yagonge mpira kwanza. Nta nilipewa na mama mwenyewe. Alikuwa mmoja wa wanaosafisha kanisa, na vipande vya mishumaa iliyobaki aliruhusiwa kuvichukua. Alinipa kikopo kizima akidhani nataka mwanga wa kusomea. Nilipomwambia ni vya kupaka sampo alinitazama kwa huruma. "Mtoto wa watu," alisema, "unalipaka mafuta kama bibi arusi." Niliyeyusha nta, nikaipaka nyembamba kwa kitambaa, kila Jumapili mchana. Osmund alilalamika. Nta iliizima kromu kidogo, ikawa na ukungu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilimwambia ataifuta siku ya ofisa. Wakati huohuo yeye alijifunza kuegesha gari juu ya kingo, tairi za mbele zikiwa juu, ili wapita njia waione kwa chini. Kule Ngumbo watoto walikuwa wakichutama wote kwa pamoja, na mwanamke mmoja aliyekuwa akianika usipa alisema kwa sauti ya kutosha, "Wanaume wa milimani bwana. Wengine huvaa saa, hawa wamelivisha gari chupi ya fedha."

Wiki ya kabla ya ofisa kuja, gasketi, kile kizibo chembamba kati ya sampo na injini, ilianza kutokwa jasho la oili. Niliishusha sampo, nikaifuta, nikaipaka nta nzito nje na ndani ili isishike unyevu, nikaizungushia khanga na kuiweka juu ya meza chumbani kwangu. Nilikuwa nimepanga kuyeyusha nta ya ndani kwa maji ya moto kabla ya kuifunga. Kisha tukapanda basi mimi na Osmund kwenda Songea kutafuta gasketi mpya. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Yeyote aliyekulia nyumba za kule anajua Jumamosi mchana ni nini: vyombo vyote hutolewa nje, masufuria, vifuniko, mabakuli, hata vile ambavyo havikutumika, vikasuguliwa kwa majivu na mchanga wa mtoni na majani ya msasa mpaka jua likigusa uani inabidi ufumbe macho. Kwa masufuria yake mwanamke hupimwa. Mama Osmund alipimwa akatosha. Majirani walikuja kuazima vifuniko vyake vya kufunikia chakula cha padri.

Tuliporudi tulimkuta ameketi kwenye kigoda, mikono imevimba, majivu hadi kwenye viwiko. Kati ya masufuria yaliyopangwa juu ya kichanja, sampo ilikuwa imeegemezwa katikati, mahali pa heshima, inawaka.

"Nimeikuta imefubaa," alisema. "Imeganda mafuta yale ya mishumaa. Nikasema, Jumatatu mgeni anakuja, atuone tuna chombo kama hiki? Nimeisugua nje, nikaisugua ndani. Ndani ndiko kulikuwa kugumu, ina vipembe. Lakini mimi sishindwi na chombo."

Mimi na Osmund tulisimama. Nakumbuka kuku akipita kati yetu. Osmund akasema, "Asante, mama. Inang'aa." Nami nikasema, "Asante, mama." Hapo ndipo mwaka ule ulipovunjika, kwa neno la adabu.

Niliipeleka nyuma ya nyumba, nikaigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa mikwaruzo midogo isiyo na idadi, ndiyo maana iliwaka hivyo. Kwenye pembe za ndani kromu ilikuwa imenyanyuka. Nikiigusa kwa ukucha ilitoka kipande chembamba kama gamba la samaki mbasa. Mchanga ulikuwa umejibana kwenye mikunjo. Osmund alikuja akachutama kando yangu.

"Tunafunga ile nyeusi," nikamwambia. "Hii ya pambo tuitundike ukutani."

"Atauliza iko wapi."

"Mwambie ukweli, polepole. Mwambie ni chombo cha aina nyingine."

"Umeiona mikono yake? Nimwambie mikono ile imeharibu?" Aliigusa sampo. "Na yule ofisa nimwonyeshe nini, bakuli lenye kiraka?"

"Osmund, ndani inabanduka. Itaua injini."

"Ioshe. Si ndiyo kazi yako?"

Niliiosha kwa mafuta ya taa, mara nyingi, na kila mara kitambaa kilirudi na vimulimuli. Nilimwambia vinaendelea kutoka. Jumapili baada ya misa aliifunga yeye mwenyewe, bila washa zangu, kwa sababu mpira mweusi uliharibu sura. Nilisimama kando nimeshika spana niliyokataa kuitumia. Ningeweza kwenda jikoni na kusema. Nimeyarudia mawazo hayo katika nyumba za kupanga nyingi, na jibu ni lilelile: mimi nilikuwa mgeni aliyelishwa, na mgeni hamwambii mwenye nyumba kwamba usafi wake ni balaa. Hilo lilikuwa la mtoto wake kusema.

Jumatatu ofisa alitandika gunia, akaingia chini, akakaa huko kwa muda. Kisha tukasikia akicheka. "Jamani, hili gari au kioo cha kinyozi?" Tukapata kazi. Mama alipika wali na nyama ya nguruwe, akanipa mimi kipande chenye ngozi, nilichokipenda, akasema, "Huyu ndiye fundi. Huyu haondoki hapa mpaka nimwozeshe." Nilikula. Nilifuta hata sahani.

Injini ilikufa karibu na Kitai, safari ya kwanza yenye mzigo kamili. Taa ya oili iliwaka, nikamwambia Osmund asimamishe, akasema tufike kwanza penye watu. Na kabla hatujafika ikaanza kugonga, kisha ikagonga kwa nguvu, kisha ikanyamaza. Tulisukumwa hadi gereji ya mabati mawili. Fundi wa pale, mtu mkimya, alifungua bolti ya chini na kukinga oili kwenye karai. Basi moja lilikuwa limesimama kando, abiria wakajazana kutazama. Oili ilitoka nyeusi, na ndani yake vimulimuli vya kromu vikielea na kuzunguka, vizuri kabisa, kama anga la usiku. Mtoto mmoja akauliza kama ni dhahabu. Aliposhusha sampo, chujio lilikuwa limevaa kromu lote, na chini ya bakuli palikuwa na mchanga wa mto wa Mbinga. Fundi aliusugua kati ya vidole. "Nani kaosha chombo hiki kwa mchanga?" aliuliza. Osmund alinitazama mimi. Alinitazama tu, mbele ya watu wote wale, na yule fundi naye akageuka kunitazama.

Nilidhani ni aibu ya barabarani, kwamba nyumbani atasema vingine. Nyumbani, sebuleni, ofisa wa kampuni akiwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba Osmund na mama akiwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jiko mkononi, Osmund alisema, "Beno ndiye aliyeitengeneza. Hakuisafisha vizuri kabla ya kufunga. Nilimwamini." Alisema kwa upole, kama mtu anayesikitika. Ofisa akatikisa kichwa, akasema vijana hawa. Mama alinigeukia.

"Beno, ni kweli mwanangu?"

Alikuwa na majivu kidogo chini ya kucha. Nilimtazama Osmund nimpe nafasi, akatazama sakafu. Nikasema, "Ni kweli, mama." Akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia hata kwa kuni mbichi, "Na mimi niliisugua ile kwa mikono yangu ili isikutie aibu."

Sikufukuzwa kwa maneno. Nilichukua begi, nikapanda lori la mahindi hadi Mbamba Bay, nikakaa ufukweni kusubiri meli ya kuvuka. Ziwa lilikuwa tulivu, lina rangi ya bati. Nilijiambia nimemkinga mama. Nilijiambia kwamba kuna mtu mmoja duniani anayelala vizuri kwa sababu mimi nimeondoka. Nimeishi kwa wazo hilo kama watu wengine wanavyoishi kwa dini. Hata miaka mingi baadaye nilipokutana na Osmund stendi ya Songea, akiwa amenenepa, tukala wali na maharage meza moja, akaniuliza habari za kazi na mimi nikamuuliza mama hajambo, akasema, "Mama mzima, anakusalimu," sikugusia jambo lile. Nilimlipia chai. Niliona nina ukubwa wa moyo.

Safari hii nilifika Mbinga siku ya tatu ya msiba. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Niliketi na wanaume kidogo, nikapewa pombe ya kangara, sikuweza kunywa, nikaenda nyuma ya nyumba kutazama dirisha la chumba changu. Wanawake walikuwa pale wakisugua masufuria ya msiba. Hawakunijua. Mmoja, msichana mwenye nguvu, alikuwa akipambana na sufuria kubwa, na mama mmoja wa makamo akamwambia, "Pole pole, binti. Usije ukasugua kama marehemu na bakuli la gari."

Wote wakacheka, kicheko kile cha msibani cha kufunika mdomo.

"Shikamoo, mama," nikamwambia. "Bakuli gani hilo?"

"Marahaba. Wewe si wa hapa? Hiyo hadithi watu wote wanaijua. Marehemu alisugua kitu cha gari kwa majivu, gari likafa. Mwenyewe ndiye alikuwa akisimulia, hata kwenye sala za jumuiya. Anasema, mimi sishindwi na chombo, nikakishinda, nacho kikaua gari langu."

"Alijua?"

"Aa, si yule fundi wa Kitai alikuja kumweleza? Msimu uleule, kahawa haijaisha. Alilia huyo mama. Kulikuwa na kijana wa watu aliyekaa humu, akabebeshwa lawama, akaondoka. Kila dereva aliyeshuka ziwani, mama alikuwa akimwagiza: ukimwona Beno mwambie arudi. Hakuonekana. Mpaka alipoanza kuumwa alikuwa anamuuliza mwanawe, umemwona wapi Beno? Mwanawe anasema, sijamwona, mama."

Nilimkuta Osmund upande wa mashamba, peke yake, amevaa koti la suti na kandambili. Nilimuuliza kama ile siku ya Songea alikuwa amekwisha kujua kwamba mama anajua. Hakujifanya haelewi.

"Nilijua."

"Tulikula meza moja."

"Tulikula."

"Kwa nini?"

Alipangusa uso. "Mama alinisamehe, Beno. Ilimchukua muda lakini alinisamehe. Ungerudi, kila akikuona angenitazama mimi." Kisha akasema, kama mtu anayetoa kitu cha thamani, "Chumba chako hakijapangishwa. Unaweza kulala leo."

Nilirudi jikoni kwa sababu sikuwa na pengine pa kwenda. Moto ulikuwa umekufa. Kando ya mafiga, mahali pa kuwekea majivu, ilikuwepo sampo ile, imejaa majivu. Imeoza kwa kutu, mdomo umeliwa upande mmoja, lakini kwenye ukingo ule ambao gasketi iliufunika, kulikuwa na uzi mwembamba wa kromu uliozunguka tundu za bolti, mzima kabisa. Niliupangusa kwa kidole gumba.

"Ee kaka uliye humo," yule mama aliita kutoka nje, "tuletee majivu, haya yamekwisha."

Niliinyanyua kwa mikono miwili, nikaitoa nje na kuiweka chini mbele yake. Akachota kiganja kizima bila kutazama chombo, akaendelea kusugua.